Giza la Siku Tatu

Tangu itoke mwaka 2000, gemu ya The Legend of Zelda: Majora's Mask imejulikana kwa giza lake. Wengi huonyesha ule mwezi wenye uso wa hasira, unaouangukia mji baada ya siku tatu. Nadhani wanakosea: giza lenyewe limo kwenye ratiba. Eiji Aonuma, Yoshiaki Koizumi na wenzao walichukua sura na vifaa vingi vya Ocarina of Time ya 1998, kama fundi cherehani anavyofumua koti la mitumba akashona jingine, kisha wakampa karibu kila mkazi saa zake za kutoka, za kungoja na za kuogopa. Saa 72 za huko huisha kwa takriban dakika 54 za kwetu. Tazama shamba la Romani, ambalo mfugaji wa Kajiado hahitaji kufafanuliwa uchungu wake. Usiku wa kwanza viumbe wenye macho ya kung'aa huja kuiba ng'ombe, na mlinzi wa zizi ni msichana mdogo. Usipofika, wanamchukua, naye akirudi amepumbaa. Ukiwafukuza hadi alfajiri, kesho yake dada yake, Cremia, anapeleka maziwa mjini kwa mkokoteni. Jioni ya mwisho anamwambia mdogo wake kwamba sasa amekua, anaweza kunywa maziwa ya wakubwa, na usiku huo alale kitandani mwake. Sababu hamwambii. Hakuna tone la damu hapo, na sioni tukio la kutisha zaidi katika mfululizo mzima.

Wapo wanaolalamika kwamba ukirudisha wakati nyuma hadi siku ya kwanza ili mwezi usiuangukie mji, karibu kila kitu kinafutika, ng'ombe wanaibwa upya, basi kazi yote ni bure. Kweli, hata mishale yako hupotea. Pesa hupona tu ukiziweka benki, ambako karani hukupiga muhuri mwilini (mzaha mzuri huo). Lakini wenyeji wakisahau, anayebaki na kumbukumbu ni mchezaji, na ndiye aliyekwenda kwingine usiku ule zizi likivamiwa. Mzigo huo kitabu hakiwezi kumtwika msomaji. Na wanaosema watoto wasitishwe hivi, wakumbuke kwamba watoto walisimuliwa ngano za zimwi anayemeza kijiji kizima, tena usiku. Lawama ninayoikubali ni ya kuhifadhi mchezo: katika toleo la awali, hifadhi ya kudumu ilipatikana tu kwa kurudi siku ya kwanza. Anayelipia nusu saa kwenye kibanda cha gemu huko Noonkopir, Kajiado, angeondolewa kitini kabla Cremia hajamimina maziwa.