Urefu Usioonekana Kwenye Mionekano Mitatu

Chukua paa la nyumba lenye miteremko minne, yote ikiwa na mwinamo mmoja. Nyumba ina upana wa mita 6, na kilele cha paa kiko mita 2 juu ya ukuta. Fundi seremala anataka kukata mbao ya kona, ile inayopanda kutoka pembe ya ukuta hadi kileleni. Mezani anao mchoro wa skeli ya 1:50 wenye mwonekano wa mbele, wa juu na wa upande. Anaweka rula kwenye mwonekano wa mbele: milimita 72, yaani mita 3.6. Wa upande unampa kipimo hicho hicho. Wa juu unampa milimita 85 kasoro kidogo, yaani mita 4.24. Akikata kwa kipimo chochote kati ya hivyo mbao haitafika, maana urefu wake halisi ni karibu mita 4.69.

Mchoro haujakosewa popote. Kila mwonekano hupatikana kwa kupeleka mistari kutoka kila ncha ya kitu hadi kwenye bapa, na mistari hiyo yote huwa sambamba na hulikuta bapa kwa pembe mraba. Kwa hiyo kitu kilicho mbali hakipungui ukubwa kama kwenye picha ya kamera. Ubavu uliolala sambamba na bapa hutokea na urefu wake kamili. Uliosimama wima juu yake hugeuka nukta. Ulioinama hutokea mfupi kuliko ulivyo, na mbao yetu ya kona imeinama kwa mabapa yote matatu.

Kuchora kitu kwa juu na kwa mbele ni jambo la zamani; Albrecht Dürer, Mjerumani, alilitumia katika kitabu alichochapisha mwaka 1525. Aliyeligeuza kuwa kanuni ya kupimia chochote ni Mfaransa Gaspard Monge, aliyezaliwa Beaune mwaka 1746. Alikuwa kijana mchoraji katika shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières, asiyeweza kupokewa kuwa mwanafunzi wa uofisa kwa kuwa hakutoka katika ukoo wa makabaila. Huko akapewa kazi ya kupanga kuta za ngome na vimo vyake, ili adui aliye kwenye vilima vya jirani asiweze kuona wala kupiga ndani. Kazi hiyo ilizoeleka kufanywa kwa hesabu ndefu za tarakimu. Yeye aliimaliza kwa kuchora, tena upesi kiasi kwamba ofisa aliyepelekewa jibu alikataa kwanza hata kulikagua, akiamini hakuna awezaye kumaliza hesabu zile kwa muda ule. Jibu lilipothibitika, njia yake ikafanywa siri ya jeshi. Wanafunzi wa kawaida waliisikia kwenye mihadhara yake ya Paris mwaka 1795, baada ya Mapinduzi.

Kiini cha njia hiyo ni mkunjo. Kunja kadi ngumu, nusu iwe ukuta na nusu iwe sakafu. Mwonekano wa mbele uchore ukutani, wa juu sakafuni, kisha ilaze kadi yote mezani. Kila nukta ya kitu sasa ina picha mbili, na picha hizo hukaa kwenye mstari mmoja unaokata mkunjo kwa pembe mraba. Ya juu hubeba umbali kutoka ukutani, ya mbele hubeba kimo. Zikiwepo zote mbili, nukta haina pa kujificha: mahali pake hewani pamejulikana. Wanafunzi wengi hudhani mwalimu anapokazania mionekano ipangane wima anadai usafi wa kazi tu, kumbe ukiisogeza umeikata habari yenyewe.

Sasa mbao. Kwenye mwonekano wa juu, weka sindano ya bikari kwenye nukta ya kilele na penseli kwenye ncha ya chini ya mbao. Zungusha mpaka mstari uwe sambamba na mkunjo. Ni kana kwamba umeizungusha mbao yenyewe kwenye nguzo ya wima inayopita kileleni: urefu haubadiliki, mwinamo haubadiliki, na ncha ya chini inabaki kwenye kimo cha ukuta. Kutoka ncha hiyo mpya panda wima hadi usawa wa juu wa ukuta kwenye mwonekano wa mbele, kisha unganisha na kilele. Pima: milimita 94 hivi. Zidisha kwa 50 na mbao imepatikana, bila kikokotoo.

Nimefuata hapa mpangilio wa pembe ya kwanza, uliozoeleka Ulaya, ambapo mwonekano wa juu huwekwa chini ya ule wa mbele. Wamarekani hutumia pembe ya tatu na kuuweka juu. Hesabu ni ile ile, lakini fundi asome alama ya koni iliyokatwa ncha kwenye kona ya mchoro kabla ya kukata chuma, la sivyo kipande kitatoka kimegeuzwa kushoto kulia.

Ningependa swali la mbao ya kona liulizwe wiki ya kwanza ya somo la uchoraji wa kiufundi, kabla ya kunakili vipande vya chuma kwa mionekano mitatu. Programu za kompyuta leo hutoa mionekano hiyo kwa kubofya, na anayejua kuinakili tu hana cha kuongeza. Anayejua kipimo gani kinaaminika wapi ana kazi. Tazama tena ile mita 3.6 ya mwonekano wa mbele, iliyokuwa fupi kwa seremala. Mteremko wa pembetatu wa upande mfupi wa nyumba unaonekana pale ukiwa umegeuka mstari, kwa hiyo 3.6 ndiyo kimo chake halisi, kutoka ukutani hadi kileleni. Fundi wa bati anachukua kipimo hicho pale, anachukua mita 6 za kitako kwenye mwonekano wa juu, na anajua kila pembetatu itakula mita za mraba 10.8 za bati kabla ya kuongeza za kupandiana.