Sanaa ya Viraka Misungwi: Kitambaa Kinachosomwa

Neno kiraka halina heshima kubwa katika Kiswahili. Mwenye nguo ya viraka huhesabiwa fukara, na jambo lililotiwa viraka huhesabiwa kuwa halikutengenezwa vema tangu mwanzo. Katika mabishano juu ya Katiba ya Tanzania ya 1977, wale watakao Katiba mpya husema kwamba ile iliyopo imetiwa viraka vya kutosha. Walakini neno hilohilo limepata maana nyingine katika kurasa za michezo, ambako mchezaji kiraka ni yule awezaye kuziba nafasi yoyote uwanjani, na kumwita hivyo ni kumsifu. Yaonekana basi kwamba neno limo safarini, kutoka katika aibu ya upungufu kwenda katika sifa ya uwezo. Sanaa ya kuunga vitambaa bado haijafika mwisho wa safari hiyo.

Maneno mengine yaliyo karibu hayatoshi. Kudarizi ni kupamba nguo kwa sindano, na mfarishi ni tandiko lililojazwa pamba au kitu kingine laini. Hakuna hata moja litajalo kitendo chenyewe cha kukata vitambaa mbalimbali na kuviunga kwa mpango, ili viwe nguo moja yenye sura mpya. Mafundi husema tu kazi ya viraka, au kuunga vitambaa. Jambo hili si dogo, kwa maana sanaa isiyo na jina la heshima aghalabu hukosa pia wahakiki wake.

Lakini historia ya nguo za pwani yaonyesha kwamba kuunga vipande si jambo la pembeni. Masimulizi yakubaliwayo na wengi juu ya asili ya kanga yasema kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za kizungu zilizouzwa katika jora, wakakata vipande vya leso tatutatu, kisha wakashona vipande viwili pamoja, wakapata nguo moja ya leso sita. Nguo hiyo iliitwa leso ya kushona. Neno leso lenyewe latokana na Kireno, na hata leo watu wa Mombasa huiita kanga kwa jina hilo. Kwa hiyo nguo ihesabiwayo kuwa alama ya Uswahili ilizaliwa kwa mkasi na sindano kabla ya kuingia katika mitambo ya kupiga chapa. Mitambo ilipoiga kazi ya wanawake, ndipo kanga ikapata umbo lake la sasa: pindo inayozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Desturi ya kuandika jina huhusishwa na duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”. Maneno hayo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi.

Misungwi yaweza kudhaniwa kuwa mbali na habari hizi za pwani. Ni mji mdogo kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Hata hivyo kitambaa kina mizizi hapo kuliko mahali pengi. Katika wilaya hiyo kipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambacho tangu miaka ya 1930 kimeshughulika na mbegu za pamba, na mbegu zilizotoka huko, kama UK 91, zilibeba herufi za jina lake hadi katika mashamba ya Kanda ya Ziwa. Pamba hupandwa, huvunwa na kuchambuliwa huku. Sehemu yake kubwa husafirishwa nje ikiwa nyuzi zisizosokotwa, na hurejea sokoni ikiwa kitenge kilichofumwa ng’ambo. Kinachobaki mikononi mwa fundi cherehani barazani ni masalio ya kitu kilichosafiri mbali kikarudi.

Vikundi vya akina mama vya ushonaji, ambavyo hupatikana katika miji mingi ya Tanzania, huanzia katika masalio hayo. Vipande vya kanga na kitenge hukusanywa kwa mafundi, huchaguliwa kwa rangi, hukatwa miraba au pembetatu, hupigwa bandi juu ya bitana, na huwa foronya, mikoba, na mashuka ya kutandika juu ya kitanda. Sheria nayo imechangia umbo la vikundi hivyo. Tangu marekebisho ya 2018, halmashauri zimetakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi kitakacho mkopo hupaswa kuandikishwa, kuwa na katiba yake, na kueleza faida itakayopatikana. Yote hayo ni ya haki. Lakini katika maswali hayo yote hakuna liulizalo kama shuka lenyewe ni zuri, wala kwa nini.

Swali hilo ndilo la mhakiki, na kwa kazi ya kanga jibu lake hutegemea jambo moja kuu: jina limetendewaje? Mkasi uingiapo katika kanga hukata maandishi pamoja na rangi. Njia tatu zaweza kutambuliwa.

Njia ya kwanza ni kuitumia kanga kama rangi tupu. Maneno hutupwa, au huachwa yakatike ovyo, herufi mbili huku na tatu kule. Kazi ya namna hii yaweza kupendeza macho, hasa pindo nyeusi na nyekundu zikipangwa kwa ustadi, lakini imeifanya kanga kuwa sawa na kitambaa chochote kingine.

Njia ya pili ni kulitukuza jina. Ukanda wenye maneno hukatwa ukiwa mzima na kuwekwa katikati ya shuka, na viraka vingine huwa kama fremu ya picha. Hapa maneno yamehifadhiwa, lakini sanaa ya viraka haikufanya kazi yoyote juu yake. Methali iliyosomwa juu ya kanga nzima husomwa vilevile juu ya shuka; mshonaji hakuongeza neno.

Njia ya tatu ndiyo ngumu, nayo ndiyo yenye thamani zaidi: kukata jina mahali penye maana na kuliunga na jina jingine, hata viraka viseme jambo ambalo hakuna kanga iliyolisema. Hapa sarufi ya Kiswahili huwa chombo cha mshonaji kama sindano yake. Methali nyingi hutumia kiambishi hu-, kisichochukua kipatanishi cha ngeli. Kwa hiyo nusu ya pili ya methali ya namna hiyo hukubali kuungwa na mtenda wowote. “Mcheza kwao hutunzwa” na “Haba na haba hujaza kibaba” zikikatwa kabla ya kitenzi na kubadilishana mikia, hupatikana “Mcheza kwao hujaza kibaba”, nayo ni kauli kamili, yenye busara yake. Bali mkia wa “Maji yakimwagika hayazoleki” hauhamishiki kwa urahisi, kwa sababu ya- yake hudai maji, au nomino nyingine ya ngeli hiyohiyo. “Mcheza kwao hayazoleki” ni mshono uliofumuka: jicho huona kitambaa kimoja, sikio husikia viwili. Hata kufumuka huko kwaweza kutumiwa kwa makusudi, kama mzaha au kijembe, maadam msomaji ajue kwamba mshonaji amejua.

Kwingineko duniani sanaa hii imepata sheria zake na wasomaji wake. Wanawake wa Kisidi wa Karnataka, India, ambao ni wa uzao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona matandiko yaitwayo kawandi, wakianzia pembezoni na kuzunguka kwenda katikati. Wakimaliza huongeza vipande vidogo pembeni, viitwavyo maua, na tandiko lisilo navyo huhesabiwa kuwa li uchi. Hukumu hiyo ni yao wenyewe. Kazi za wanawake weusi wa Gee’s Bend, Alabama, zilizoshonwa kwa nguo kuukuu za shamba, zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Houston 2002, na wahakiki wakazitazama kama michoro. Vikundi vya kisasa vya Marekani navyo husifu nafasi tupu, upande usiolingana na mwenzake, na kushona bila ya kielelezo. Yafaa Misungwi ijue mambo haya, lakini hakuna hata moja kati ya sanaa hizo iliyo na maandishi ya kila siku ndani ya kitambaa chake kama ilivyo kanga. Kuiga miraba ya vitabu vya kigeni huku jina likitupwa sakafuni ni kuacha kilicho chako na kuazima kilicho cha mwenzio.

Huenda mtu akapinga kwamba mshonaji hushona apate ada ya shule, na kwamba mgeni anunuaye mkoba hasomi Kiswahili. Pingamizi hili ni la kweli, na latoa sababu ya udhaifu wa kazi nyingi: zimeshonwa kwa mnunuzi asiyeweza kuzihukumu. Tiba yake imo Usukumani kwenyewe. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyoanza kwa ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19, huchezwa kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na ushindi huenda kwa yule aliyevuta watazamaji wengi. Hakuna mcheza ngoma wa Kisukuma awezaye kulegea, kwa kuwa wamtazamao wanajua ngoma, nao hutembea kwa miguu yao kwenda kwa aliye bora.

Sanaa ya viraka imekosa uwanja wa namna hiyo. Ikiwa mashuka yataanikwa mbele ya watu wasomao majina, wanaocheka mshono uliofumuka na kunyamaza mbele ya ule uliotulia, mkasi wa mshonaji utajua mahali pa kupita. Hapo kiraka kitakuwa kama nusu ya methali iliyopata mwenzake, na fedha ya mgeni itakuja nyuma ya hukumu ya wenyeji, si mbele yake.