Hatuanguki usingizi, hutupitia

Majuzi nilikuwa kwenye matatu ikiteremka kutoka Nyahururu kuja Subukia. Penye kona moja tulipita lori lililolala mtaroni. Kondakta akanigeukia: "Mzee, dere wa hiyo lori alianguka usingizi." Abiria mmoja akadakia: "Si useme tu alilala!"

Niliwaelewa wote wawili, ila hakuna aliyenitosheleza. "Kuanguka usingizi" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. "Kulala" nako kuna utata: lori lenyewe lilikuwa limelala, na aliyelala kitandani huenda yu macho.

Kiswahili si fukara hapa. Anayeshindana na kope zake anasinzia. Aliyezidiwa pasi na kukusudia amepitiwa na usingizi. Aliyezama kabisa amelala fofofo, au ana usingizi wa pono, yule samaki asifikaye kwa kulala. Aliyekesha hakupata hata lepe la usingizi.

Hebu tazama sarufi: katika "kupitiwa", usingizi ndio mtenda, mtu ni mtendwa. Barabarani, tofauti hiyo si pambo. Dereva aliyekuwa akisinzia alionywa na mwili wake, naye akaendelea kukanyaga mafuta. Mwanahabari akiandika "alilala" basi, anatunyima swali la msingi: je, dereva alijua amechoka? Na kama alijua, nani alimhimiza aendelee?

Nilimweleza kondakta hayo. Akacheka: "Kumbe mimi asubuhi nilipitiwa, na tajiri akasema nimelala kazini!"

Hapo alinena.