Siku 28 hazitoshi

Bandugu, tangu Septemba 2023, Serikali ilipoanzisha mu Kinshasa huduma ya kuzaa bila kulipa, tunasikia kila mara kwamba "afya kwa bote" imefika. Ni jambo la maana: mama asifungiwe ku materniti juu ya deni. Lakini tusome vizuri. Mupango ule unamulinda mama, na mutoto muchanga mpaka siku 28. Siku ya 29, muzazi anarudia mufuko wake. Na malaria mu Kongo inauwa zaidi batoto ba chini ya miaka 5, haingojee mwezi wa kwanza tu.

Bazee ba Lubumbashi banajua mupango mwingine. Wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, mutoto wa mufanyakazi alitunzwa ku hospitali ya kampuni. Ilikuwa muzuri, lakini haki ile ilikuwa ya kazi ya baba, haikuwa ya mutoto. Kampuni ilipoanguka mu miaka ya 1990, na mu 2003 bafanyakazi karibu 10,000 balipoondoka, kinga ya batoto ilianguka pamoja na mushahara.

Leo banatuambia: ingieni mu mutuelle. Sheria yake iko tangu 2017. Lakini mutuelle inaomba muchango wa kila mwezi. Mama anayeuzisha makala mu Katuba, ao kijana wa moto mu Kampemba, hahesabu mwezi, anahesabu siku. Kwa hiyo inasaidia kwanza bale bako na mushahara.

Feza iko wapi basi? Kodi ya migodi ya 2018 inagawa mrabaha hivi: 50% kwa Serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mamlaka ya pale migodi iko, 10% kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Tuombe sehemu ya ile 25% iandikwe waziwazi mu bajeti ya Haut-Katanga, kwa kutunza batoto ba chini ya miaka 5: malaria, nyumonia, kuharisha. Baba anafanya kazi wapi, isiulizwe.

Na hospitali ilipwe kwa wakati. Masomo ya bure ya 2019 yalitufundisha: ukifungua mulango bila kuongeza madarasa na mishahara, mutoto anaingia lakini hafundishwe vizuri.

Sisi tuliosoma, wengi tuko mu maofisi ya jimbo na ya migodi. Bajeti ikija, tutafute mustari ule. Kama hauko, tuulize juu ya nini.