Hackney Diamonds: Uzee Si Hoja ya Uhakiki

Tangu Rolling Stones walipotoa Hackney Diamonds, Oktoba 2023, sifa nyingi nilizozisoma zinarudia jambo moja: eti watu wa miaka themanini bado wanaweza kupiga roki! Mick Jagger na Keith Richards wote walizaliwa 1943, kwa hiyo hesabu ni sahihi. Lakini hiyo ni hesabu, si uhakiki. Darasani tunapoiweka Nagona ya Kezilahabi karibu na Rosa Mistika, hakuna anayeuliza mwandishi alikuwa na umri gani. Tunauliza fani imebadilikaje, maudhui yamekwenda wapi, na mabadiliko hayo yamelipa au hayakulipa. Katika makala haya nataka kuwatendea wazee hawa wa London haki hiyo hiyo. Ukimsifu msanii kwa sababu tu bado anasimama, umekwisha kumwondoa miongoni mwa wasanii na kumweka miongoni mwa wagonjwa.

Kipimo changu ni Exile on Main St. ya 1972. Wapo watakaosema nimechagua mlima ili nikidhihaki kichuguu. Hapana. Nimeichagua kwa kuwa albamu hizi zinagusana: kila moja ina wimbo wenye ladha ya kanisani, kila moja ina kivuli cha mwenzao, na zote zinarudi kwenye bluzi ya Wamarekani weusi, ambako kundi lilianzia 1962.

Hadithi ya Exile inajulikana. Mwaka 1971 waliikimbia kodi ya Uingereza, wakajichimbia Nellcôte, nyumba aliyopanga Richards kusini mwa Ufaransa, wakarekodi chini ya nyumba kwenye joto na unyevu huku lori lenye mitambo limeegeshwa nje. Mashabiki hupenda kuishia hapo. Wanasahau kwamba sehemu kubwa ya kazi ilimaliziwa studio, Los Angeles. Kwa hiyo ule ukungu tunaousikia si ajali tupu, kuna watu waliokaa wakaukubali. Sauti ya Jagger imezama katikati ya magita, piano na tarumbeta. Unalazimika kuisogelea. Mara ya kwanza unakamata nusu ya maneno, mara ya tano unakamata mengine, na maana inajijenga kadiri unavyorudia, kama shairi gumu. Nyimbo 18, na nyingi zina msemaji yule yule: mtu aliyechoka, asiye na kwao, anayetania ili asilie.

Sasa njoo kwenye Hackney Diamonds. Mtayarishaji wake, Andrew Watt, aliyezaliwa 1990, ameufagia ukungu wote. Kila ala imekaa mahali pake, imeoshwa, inang'aa, na Jagger yuko mbele kabisa kama mtangazaji wa redio. "Angry", wimbo wa kwanza, unakunasa papo hapo, sikatai. Ila mara ya tano inakupa kile kile ulichopewa mara ya pili. Halafu wageni: Paul McCartney kwenye besi, Elton John kwenye piano, Lady Gaga, Stevie Wonder, hata Bill Wyman aliyekwisha kuliacha kundi miaka mingi. Unasikiliza kama unayesoma kadi ya harusi. Exile nayo ilikuwa na wageni, lakini hawakutangazwa mlangoni. Na jina lenyewe! Katika lugha ya mitaani ya London, "almasi za Hackney" ni vipande vya kioo cha dirisha lililovunjwa. Jina lina makali; vioo vyenyewe vimekwisha kuzolewa.

Mwenzangu mmoja alinibishia kwamba hata Exile ilipotoka kuna wahakiki walioipokea kwa ubaridi, kwa hiyo nisubiri miaka hamsini. Hoja nzuri, lakini hainitoshi. Wale walilalamika kwamba kazi ni nzito na imevurugika, haiingiliki upesi. Mimi nalalamika kwamba hii inaingilika upesi mno.

Upande wa maudhui sitakaa sana. Mwaka 1972 waliweza kuimba juu ya Angela Davis ("Sweet Black Angel"), tena kwa namna ambayo leo inakera masikio, lakini walau walichungulia nje. Katika albamu hii ni "Whole Wide World" tu, unaorudi London ya ujana wa Jagger, unaonishawishi kwamba anayesema amewahi kuishi mahali fulani. Nyingi za nyinginezo ni ugomvi na "wewe" fulani asiye na sura wala mtaa.

Panapouma ni penye msiba. "Shine a Light" ya Exile ilianza kutungwa Jagger akimfikiria Brian Jones, aliyekuwa akiangamia kwa dawa za kulevya na kufariki Julai 1969. Msemaji anamtazama mtu aliyeanguka, hafichi uchafu wake, kisha anamwombea nuru. Charlie Watts alifariki Agosti 2021. Anasikika katika nyimbo mbili tu, "Mess It Up" na "Live by the Sword". Watts alikuwa na desturi ya kunyanyua mkono kutoka kwenye matoazi kila anapopiga ngoma ndogo, na mdundo ukavuta pumzi kidogo kabla ya kutua. Steve Jordan, anayepiga zilizobaki, ni fundi haswa, lakini pumzi ile haipo. "Sweet Sounds of Heaven" ina dakika zaidi ya saba, inaonekana kuisha, inafufuka, Jagger na Gaga wanapokezana, nywele zinasimama. Hata hivyo msemaji anajiombea yeye mwenyewe. Zimetajwa ngoma mle, na anayetaka anaweza kumsikia Charlie ndani yake. Mimi nilitaka aombewe.

Basi, baada ya hayo yote, unakuja wimbo wa mwisho, "Rolling Stone Blues". Ni ule wa Muddy Waters wa 1950 uliolipa kundi jina. Wako wawili tu: gita la Richards, sauti na harmonika ya Jagger. Hakuna mgeni. Sauti inakwaruza na hakuna aliyeisugua, gita linasita, linaburuta mguu, na umri, ambao nyimbo zote zilizotangulia zilikuwa zikiukimbia, unaingia na kuwa fani. Haufiki hata dakika tatu. Nimeurudia mara nyingi kuliko zile kumi na moja zikijumlishwa.