Kuhesabu Marejeo katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Mwaka 1978, taasisi aliyoiasisi Eugene Garfield huko Philadelphia ilianza kutoa fahirisi ya marejeo ya sanaa na fasihi, baada ya ile ya sayansi iliyotangulia. Nia yake ni njema: tukijua nani amtaja nani katika tanbihi zake, twaweza kuchora ramani ya taaluma. Hata hivyo, katika fasihi njia hii yataka hadhari.

Kwanza, hesabu haibagui sababu za kutaja. Mhakiki amtajaye Muyaka kwa kuwa anayachambua mashairi yake, na yule amtajaye mhakiki mwenziwe ili ampinge, huhesabiwa sawasawa.

Pili, na hili ndilo zito, hesabu hulifuata jina lililochapwa. Diwani ya Muyaka ilitolewa Johannesburg mwaka 1940 na William Hichens, ambaye alitumia hati za W. E. Taylor. Taylor naye aliyakusanya na kuyaelewa mashairi hayo kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Kila tuandikapo “Hichens 1940”, Hichens huongezewa alama moja. Sikujua haongezewi kitu.

Hatusemi ramani itupwe. Twasema kwamba huonyesha desturi zetu za kutaja kabla ya kuonyesha elimu yenyewe ilikotoka. Kasoro hiyo haitatengenezwa Philadelphia. Itatengenezwa na sisi, katika tanbihi zetu, tutakapomtaja aliyehifadhi pamoja na aliyechapisha.