Karatasi ya Eldoret, wakimbizi wa Ngungu

Mtu wa Ngungu, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, anayemeza dawa za kufubaza VVU, vita vikifika, hushuka Minova au hukimbilia Sake. Fishi yake ya matibabu hubaki kabatini mwa kituo. Huko afikako, muuguzi hajui alianza dawa lini wala kipimo chake cha mwisho kilisemaje. Hapo ndipo husikika kauli: leteni kompyuta. Haya, zikija zifanye nini?

Jibu la kueleweka liko magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, uliendeleza kazi hiyo katika kliniki zake za UKIMWI, na mwaka 2006 ukahamia OpenMRS, programu huria isiyodai ada ya leseni.

Daktari hakulazimika kugusa kompyuta. Alijaza fomu kwa kalamu, karani akaiingiza kwenye kompyuta. Mgonjwa aliporudi, faili lake lilikuwa na ukurasa uliochapwa: dawa zake, majibu ya vipimo, na kikumbusho kwamba kipimo cha CD4, yaani cha seli za kinga, kimepitiliza muda. Mtafiti Martin Were na wenzake walilinganisha kliniki mbili. Penye kikumbusho, vipimo vilivyochelewa viliagizwa kwa asilimia 53. Pasipokuwa nacho, 38. Wakihesabiwa wagonjwa wale tu ambao ukurasa wao ulichapwa kweli, ni 63. Kwangu mimi, tofauti ya 53 na 63 ndiyo yenye uzito: kompyuta ilikuwa na taarifa, karatasi haikufika mezani. Siku hizi hupimwa zaidi wingi wa virusi, lakini wino wa printa bado ni sehemu ya matibabu.

Kwa watu wanaohamahama, namba ya mgonjwa ndiyo roho ya mfumo, maana majina hufanana na tahajia hubadilika kila kituo. OpenMRS huweza kuongeza tarakimu ya ukaguzi mwishoni, inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Chukua 7341: kwa kanuni ya Luhn, mojawapo ya njia za kuikokotoa, tarakimu hiyo ni 1, hivyo kadi husomeka 7341-1. Karani akiteleza akaandika 7431-1, kompyuta huikataa papo hapo, kwa kuwa 7431 hudai 0. Hesabu hiyo haihitaji intaneti.

Ningeongeza jambo moja kwa Masisi: ukurasa uchapwe nakala mbili, moja abebe mgonjwa mwenyewe. Uwe na namba, vifupisho vya dawa na tarehe, bila jina wala kichwa cha habari kinachotaja ugonjwa, kwa sababu kambini watu hulala wamebanana na karatasi husomwa na wengi. Kompyuta nayo huporwa. Diski yake isimbwe fiche tangu siku ya kwanza, na nakala ya kumbukumbu itunzwe nje ya Ngungu, la sivyo anayeiba mashine ameondoka na orodha ya wenye VVU wa eneo zima.